Sindbad Baharia Katika Mashua ya Gizani

Msomaji wetu mmoja, mkulima wa mpunga huko Dakawa katika wilaya ya Mvomero, ametuletea barua kutuuliza jambo ambalo hapana shaka linawasumbua wazazi wengi wa Kiislamu siku hizi. Asema kuwa wajukuu zake, kila baada ya sala ya Isha, hukusanyika juu ya simu moja wakatazama mashua ndogo inayopita gizani ndani ya jumba kubwa, na kando ya maji husimama masanamu yanayoimba, yanayocheka na kugeuza macho. Wamemwambia kuwa kijana yule mwenye kilemba ni Sindbad, na kwamba anafuatana na mtoto wa chui milia aitwaye Chandu. Mzee wetu aliisoma hadithi ya Sindbad alipokuwa mwanafunzi, na hakumbuki chui hata mmoja. Lakini hilo si lililomfanya ashike kalamu. Mjukuu wake mdogo amelikamia jitu moja lililomo katika picha hizo, usiku huamka akilia kuwa limemtazama, na watu wa jirani wamekwisha mshauri mama yake ampeleke kwa mganga akafungwe hirizi. Basi mzee auliza: kitu hiki kipo kweli, au ni uzushi? Na je, awakataze watoto?

Tutaanza na swali la kwanza, kwani jibu lake ndilo litakalotufungulia la pili.

Kitu chenyewe kipo. Kipo Japani, karibu na mji wa Tokyo, katika bustani ya michezo iitwayo Tokyo DisneySea, iliyofunguliwa tarehe 4 Septemba 2001. Upande mmoja wa bustani hiyo umejengwa mfano wa mji wa Kiarabu, wenye makuba na madirisha ya nakshi, na humo ndimo ilimo mashua ya Sindbad. Hapo mwanzo mambo yake yalikuwa na kitisho zaidi. Mwaka 2007 wenyewe wakayabadili: wakapunguza ya kutisha, wakamtia huyo Chandu, na wakaleta wimbo mpya uliotungwa na Mmarekani Alan Menken. Kwa hivyo mzee wetu hakusahau kitu. Chui yule hakutoka Baghdad wala Basra; amezaliwa Japani, naye umri wake haujafika hata miaka ishirini na mitano.

Sasa natueleze namna inavyofanya kazi, na twamwomba mzee amwite mjukuu wake aketi karibu wakati wa kuisoma sehemu hii.

Mashua haina nahodha wala injini ya kuisukuma. Maji yake hupita katika mfereji wa saruji, nayo huendeshwa kwa pampu. Mtu wa Dakawa hahitaji kufundishwa habari hii, kwani mashamba yake ya mpunga hunyweshwa kwa maji yanayopandishwa kwa pampu kutoka Mto Wami. Kuta na dari ya jumba hupakwa rangi nyeusi, na taa huelekezwa juu ya masanamu peke yake, hata jicho lisione kingine chochote. Mfereji nao hupindishwa pindishwa, ili abiria asiione habari ya mbele mpaka aifikie. Masanamu yana mifupa ya chuma ndani na ngozi ya mpira nje. Mengine husukumwa kwa upepo ulioshindiliwa, mengine kwa mafuta, mengine kwa umeme, na kompyuta ndiyo huyaamrisha kila moja lini linyanyue mkono na lini lipepese jicho. Ustadi huu ulishangaza watu katika Maonyesho ya Dunia ya New York mwaka 1964, ambapo sanamu la Rais Lincoln wa Marekani lilisimama kutoka kitini likahutubia. Sauti hutoka katika vipaza sauti vilivyofichwa. Basi jitu lile halimtazami mtoto. Hugeuza jicho kwa kila mashua ipitayo, yenye watu au tupu, na ukikatwa umeme hubaki na mkono wake juu kama kijiti cha kuwamba ngozi.

Yapo na mengine ya hila zaidi. Mwaka 1862 mjini London watu walionyeshwa mzimu jukwaani, na kumbe ni kioo kikubwa kilichoinamishwa, kikirudisha sura ya mtu aliyesimama mahali pa siri penye mwanga. Hila ile ile ilitiwa katika jumba la mizimu lililofunguliwa mwaka 1969 huko California. Na tangu tarehe 18 Juni 2010 upo mjini Orlando mchezo uliotokana na vitabu vya Harry Potter, ambamo watu wanne hufungwa juu ya benchi, na benchi hushikwa na mkono wa chuma kama ile inayounda magari viwandani, ukawainua na kuwalaza mbele ya picha za senema hata wakadhani kuwa wanaruka. Katika hayo yote hamna jini wala shetani. Muna fundi.

Wala ufundi huo si mgeni katika umma wetu. Wana watatu wa Musa, wanachuoni wa Baghdad, waliandika Kitabu cha Hila kiasi cha mwaka 850, kimejaa vyombo vinavyojiendesha kwa maji na upepo. Baada yao akaja Al-Jazari, aliyemaliza kitabu chake mwaka 1206 huko Diyarbakir, na katika vyombo alivyovieleza imo mashua yenye masanamu manne ya wapigaji ngoma, zomari na kinubi, yakipiga kwa nguvu ya maji. Tutasema kweli yote: mashua ile iliundwa kwa ajili ya karamu za ulevi za mfalme, na hatuwezi kuisifu kwa hilo. Lakini aliyeiunda alikuwa Mwislamu mwenye akili kubwa, naye aliandika kila kipimo chake wazi ili mwingine aweze kuiunda. Mganga hafanyi hivyo. Mganga huficha uzi wake.

Hapa ndipo tunapofikia habari ya hirizi. Mwenyezi Mungu ametueleza katika Sura ya Taha, aya ya 66, kuwa kamba na fimbo za wachawi wa Firauni zilimdhihirikia Nabii Musa (A.S.) kana kwamba zinakwenda, na katika Al-Aaraf, aya ya 116, kuwa waliyazuga macho ya watu. Imamu Abubakar Al-Jassas, aliyefariki mwaka 370 Hijria, alisimulia katika tafsiri yake kuwa kamba zile na fimbo zile zilitiwa zebaki ndani, na chini yake palitiwa moto, zebaki ikapata joto, kamba zikatambaa. Twajua kuwa wanachuoni wamekhitalifiana juu ya uchawi, wengi wao wakisema una ukweli wake na baadhi wakisema wote ni hila, nasi hatuingii katika khitilafu hiyo hapa. Lakini wote wamekubaliana kuwa mtu hudanganywa machoni, na mtoto huyu amedanganywa machoni na kioo cha simu. Dawa yake ni kuonyeshwa waya na pampu, na kusomewa Ayatul Kursiy na Muawidhatein kabla ya kulala, na babu yake alale karibu naye siku mbili tatu. Fedha ya mganga inunuliwe madaftari.

Swali la pili ni kubwa kuliko la kwanza. Awakataze?

Hadithi za Sindbad hazikutoka mbinguni wala hazikukosa kulaumiwa. Ibn Nadim wa Baghdad, alipoandika orodha yake ya vitabu mwaka 987, alikitaja kitabu cha Kiajemi ambacho ni asili ya Alfu Lela Ulela, akasema ni kitabu duni chenye masimulizi yasiyo na ladha. Safari za Sindbad zilikuwa kitabu mbali. Aliyezichanganya na Alfu Lela Ulela ni Mfaransa Galland, aliyeanza kutoa tafsiri yake mwaka 1704. Na humo yamo ya kuogofya kuliko jitu la Japani. Katika safari ya nne Sindbad, aliyezikwa hai shimoni pamoja na mkewe aliyekufa, huwaua wengine wanaoteremshwa humo ili ale mikate yao. Hilo hatumshauri mtu amsimulie mtoto wa miaka sita.

Lakini angalieni kilichotupwa mashua ilipotengenezwa. Katika hadithi ya asili, Sindbad ni mzee aliyekaa nyumbani kwake Baghdad zamani za Harun Rashid, na nje ya mlango wake ameketi hamali maskini, akinung'unika kwa nini yeye achoke na mwingine astarehe. Sindbad akamwita ndani, akamlisha, akamsimulia taabu zote alizozipata kwa tamaa yake, na kila siku akampa mithkali 100 za dhahabu. Hamali ndiye moyo wa hadithi nzima. Katika mashua ya gizani hayumo. Yumo kijana mzuri asiyekosa kitu, anayepata rafiki katika kila kisiwa. Hatusemi kuwa ni ubaya kuwafundisha watoto urafiki. Twasema kuwa hadithi ya tajiri na maskini imegeuzwa kuwa ya mtalii.

Na jambo jingine: bahari ile ilikuwa yetu. Al-Masudi, mwandishi mashuhuri, alisafiri kutoka Qanbalu kwenda Oman mwaka 304 Hijria, sawa na 916, na wengi wadhani Qanbalu ni Pemba. Ndege Rukh, ambaye mayai yake yamo katika mashua ya Tokyo, Marco Polo alimweka upande wa Madagaska, ambako kweli aliishi ndege mkubwa kupita mbuni, asiyeweza kuruka, na yai lake laweza kutiwa maji ya lita 8. Mwaka 1980 jahazi lililoshonwa kwa kamba bila ya msumari, kama mitepe ya Lamu, lilitweka Maskati kwa hisani ya Sultani Qaboos, likafika China mwaka 1981, kuonyesha kuwa safari za namna ya Sindbad ziliwezekana. Jahazi hilo, jina lake Sohar, limewekwa Maskati mpaka leo.

Kwa hivyo jibu letu kwa mzee wa Dakawa ni kuwa asiwakataze, ila asiwaachie. Simu izimwe kwa saa moja, naye asimulie. Wala hana haja ya kwenda mbali. Hapo hapo kijijini kwake, tangu mwaka 1982, waliishi wakimbizi wa Afrika Kusini waliopewa ardhi na serikali ya Tanzania, wakajenga nyumba na karakana, hata mwaka 1992 walipoiachia nchi yetu majengo yao. Hakuna mtoto wa Dakawa anayepaswa kumjua Chandu asiwajue hao.

Na akitaka ya bahari, tutampa moja iliyoandikwa na Buzurg bin Shahriyar, nahodha wa Kiajemi, katika kitabu chake cha Maajabu ya Bara Hindi. Mwaka 310 Hijria, yaani 922, jahazi la Oman lililokuwa likienda Qanbalu lilisukumwa na upepo mpaka Sofala ya Zanji. Mfalme wa huko akawapokea vizuri, wakafanya biashara bila ya kutozwa ushuru, na siku ya kuondoka akapanda jahazini pamoja na watu wake saba kuwaaga. Nahodha akapiga hesabu moyoni: mfalme huyu sokoni Oman atapata dinari 30. Akaamuru matanga yapandishwe. Wakamchukua, wakamwuza.

Miaka ikapita, nahodha yule yule akasukumwa na upepo ule ule mahali pale pale. Wakapelekwa mbele ya mfalme, wakainua nyuso, kumbe ni yule yule. Akawasimulia kuwa aliuzwa, akapelekwa Basra akajifunza sala na saumu, kisha Baghdad akasoma Kurani, akafuatana na mahujaji mpaka Makka, akashuka Misri, akaufuata Mto Nili, akakamatwa mara kadha wa kadha akatoroka, hata akafika kwao akakuta kiti chake hakijakaliwa na mtu. Akawaambia kuwa amewasamehe, kwani wao ndio sababu ya Uislamu wake, na kwamba Waislamu wenziwe wakaribie nchini mwake, watapokewa kama ndugu. Nahodha akataka kumpa zawadi, akaikataa. Na ama kuwasindikiza mpaka jahazini, akasema, hilo wamwie radhi.