Mlima Ukilowa: Tahadhari kwa Wapitao Uluguru Wakati wa Masika

Akina mama wa Morogoro mjini huiona milima ya Uluguru kila wanapotoka uani kuanika nguo. Tumeizoea. Wingu likitanda juu ya Lupanga twajua mvua haiko mbali, na nguo huanuliwa upesi. Hata hivyo ni wachache kati yetu wanaoitazama milima hii kama kitu kinachoweza kuondoka mahali pake. Mwezi huu tunapenda kuzungumza na wasomaji wetu juu ya maporomoko ya ardhi, hasa na wale ambao kazi, biashara au undugu huwapitisha kwenye njia za mlimani wakati wa mvua.

Wasafiri wa Uluguru wengi wao ni wanawake. Yuko mama wa Mgeta anayeteremka usiku wa manane na tenga la kabeji au njegere kichwani ili awahi gari la sokoni. Yuko mama wa Kinole na ndizi zake. Wako mabinti wanaopanda kwenda kumwona bibi, na sisi wauguzi na watumishi wa kujitolea wa kanisa tunaopanda kupima watoto na kuwatazama wagonjwa wasioweza kushuka. Hakuna kati yetu anayekwenda kutembea kwa starehe. Ndiyo sababu si rahisi kumwambia mtu asisafiri, na ndiyo sababu yafaa tujue ni saa gani na mahali gani hatari huwa kubwa.

Katika nchi za baridi, kama Uswisi, watu wa milimani huogopa theluji inayoporomoka. Kila siku wakati wa baridi hutolewa habari za hali ya mlima, na msafiri mwenye akili huzisikiliza kabla ya kufunga viatu. Wataalamu wa huko wameona kuwa theluji hiyo huporomoka zaidi kwenye miteremko ya digrii 30 hadi 45, pale theluji mpya inapolala juu ya tabaka dhaifu. Tena mara nyingi anayeiangusha ni msafiri mwenyewe kwa uzito wa mwili wake. Sisi Uluguru hatuna theluji, lakini tuna udongo uliolala juu ya mwamba kwenye miteremko mikali kama hiyo, na tuna maji ya kuulegeza. Udongo ukinywa maji mengi huwa mzito, kushikamana kwake hupungua, na maji yanayofika kwenye mwamba huwa kama mafuta kwenye sakafu. Hapo kinachobaki kuushikilia ni mizizi.

Siku ya Februari 23, 1970

Wazee wa Mgeta waliokuwa watu wazima mwaka 1970 wanaijua siku hiyo bila kukumbushwa. Tarehe 23 Februari mwaka ule ilinyesha mvua ya zaidi ya milimita 100 kwa muda usiotimia saa tatu. Kwa mama wa nyumbani, milimita 100 si neno la kutisha, basi tulihesabu kwa ndoo. Ni ndoo tano za lita 20 kwa kila mita moja ya mraba. Shamba la ekari moja lilimiminiwa ndoo zipatazo 20,000, nalo limeinama kama paa la nyumba. Siku hiyo moja ardhi iliporomoka mahali zaidi ya 1,000 katika eneo la Mgeta.

Wataalamu Paul Temple na Anders Rapp walipanda kuchunguza, na mwaka 1972 wakachapisha waliyoyaona. Jambo moja katika kazi yao lapaswa kujulikana na kila mwenye jembe. Karibu maporomoko yote yalianzia mashambani na kwenye majani matupu. Yaliyoanzia chini ya msitu yalikuwa machache mno, ingawa mvua iliyonyesha ilikuwa ileile. Kwa hiyo mama anayepita chini ya mteremko uliofyekwa hadi juu, wakati mvua imenyesha siku tatu mfululizo, hayuko katika hali moja na yule anayepita chini ya msitu.

Tusije tukadhani kuwa ni mambo ya zamani. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, matope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu wasiopungua 89 walipoteza maisha. Wengi wa watu wale hawakuwa wakiishi kwenye mteremko. Walikuwa chini, kwenye njia ya maji. Mtu anaweza kuuawa na mlima ambao hajawahi kuupanda. Miezi minne baadaye, Aprili 2024, mlima wa Kawetere mjini Mbeya nao uliachia, ukafunika nyumba za mtaa wa Itezi. Kwa rehema za Mungu, huko hakufa mtu.

Kuisoma njia

Tunapopanda na wenyeji hujifunza mengi kuliko tulivyofundishwa chuoni. Bibi mmoja wa upande wa Mgeta, ambaye tulipumzika kibarazani kwake tukingoja mvua ikatike, alituambia, "Wanangu, kijito kikipungua huku mvua inanyesha, msishukuru. Kimezibwa huko juu." Maneno hayo ni kweli kabisa. Udongo ukianguka korongoni huziba maji, na kizuizi kikipasuka hushuka kila kitu kwa pamoja. Kadhalika maji yakigeuka ghafla kuwa mekundu na mazito, au yakileta majani mabichi na matawi yenye mizizi, kuna mahali pameachia. Usivuke. Panda pembeni, juu ya ukingo, ungoje.

Ziko dalili nyingine zinazotangulia. Nyufa mpya shambani zenye umbo la mwezi mchanga ni dalili mbaya, maana hapo udongo umekwisha kukata shauri. Chemchemi inayotokea pasipokuwa na chemchemi, mti uliokuwa wima sasa umeinama, mlango wa nyumba uliokuwa ukifungwa vizuri sasa unakwama, yote hayo ni ya kutazamwa. Mngurumo kama wa lori linalopanda mlima, mahali pasipo na barabara, si wa kutazamwa tena. Ni wa kukimbiwa.

Na hapa kukimbia kuna namna yake. Mtu akishtuka hukimbilia kule miguu inakopenda, yaani chini. Matope yanayoshuka bondeni yana mbio kuliko mama mwenye mtoto mgongoni, na yatafuata bonde lilelile alimo. Kimbia kwa upande, upande juu ya mgongo wa kilima, uliache bonde. Tenga liachwe. Tunasema hivyo tukijua bei ya mbegu na mbolea, lakini tenga liachwe.

Ikiwa lazima mpite chini ya kovu la poromoko la zamani, au pale barabara ilipokatwa kwenye ubavu wa mlima kama ilivyo sehemu nyingi za kupanda Mgeta kutoka Mlali, msipite kwa kundi mkipiga soga. Apite mmoja, wengine wakimtazama, kisha wa pili. Wenye theluji hufanya vivyo hivyo, kwa sababu mmoja akifukiwa wabakie wa kumfukua. Na msipumzike hapo hata kama pana kivuli kizuri. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, safari za usiku zifutwe kabisa zinapofuatana siku mbili tatu za mvua kubwa. Gizani huoni nyufa wala rangi ya maji.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza redioni mvua kubwa zinazotarajiwa kwa ngazi tatu: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Tangazo huutaja mkoa mzima wa Morogoro, ambao ni mpana mno, hivyo wengine hulidharau pale jua linapowaka Kilosa. Mlimani lisidharauliwe. Upande wa mashariki wa Uluguru hupata mvua nyingi kuliko upande wa mjini, na mto unaweza kukujia na maji ya mvua usiyoiona.

Habari ya kuhifadhi miteremko ina historia yenye uchungu hapa kwetu. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Kazi ilikuwa ngumu, na mahali pengi udongo usio na rutuba ulifukuliwa ukaja juu. Julai 1955 kulitokea ghasia Matombo, na mpango ukaachwa. Baadhi ya vijana wa siku hizi wakisikia neno matuta huona ni usumbufu wa ofisini tu, na huenda wameurithi uchungu huo bila kujua ulikotoka. Lakini kwa desturi ya Uluguru ardhi hufuata ukoo wa mama. Basi akina mama wakikaa na wajomba wakaamua kwamba sehemu ya juu ya mteremko, penye chemchemi, isifyekwe, nani atawapinga? Kwa maoni yetu shauri la namna hiyo lina nguvu kuliko amri.

Aliyefukiwa na aliyebanwa

Sasa tuseme kama wauguzi. Poromoko likishatokea, kwanza simameni mtazame juu. La pili huweza kufuata la kwanza, na waliokimbilia kuokoa huwa ndio wanaofukiwa. Mmoja awekwe mahali salama kutazama na kupiga kelele.

Aliyefukiwa na matope hana dakika nyingi, kwa kuwa matope hayaachi nafasi ya hewa. Mfikieni kichwa kwanza. Toeni udongo mdomoni na puani kwa kidole kilichoviringishwa kitambaa, kisha ulegezeni uzito kifuani, maana kifua kilichobanwa hakivuti hewa hata kama pua iko wazi. Akipumua lakini hana fahamu, mlazeni kwa ubavu, na asinyweshwe chochote, hata chai ya moto ambayo sisi akina mama hukimbilia kuileta. Mvueni nguo zilizolowa, mfunikeni kwa khanga na blanketi kavu. Baridi ya Uluguru huua, ingawa watu wa pwani hawaamini.

Jambo lisilojulikana na wengi ni hili. Mtu aliyebanwa mguu na jiwe au gogo kwa saa kadhaa anaweza kutolewa akizungumza na kucheka, watu wakamshukuru Mungu na kumrudisha nyumbani. Nyama ya mguu iliyokufa huachia sumu mwilini, na saa chache baadaye figo au moyo vyaweza kushindwa. Mkojo ukiwa wa rangi ya kola, hatari imekwisha ingia. Huyo apelekwe hospitali hata kama anasema hajambo, na waliompeleka waeleze ni saa ngapi alibanwa.

Baada ya hapo hufuata ugonjwa wa matumbo, kwa sababu vyoo vimechanganyika na visima. Maji yote ya kunywa yachemshwe. Mtoto anayeharisha apewe maji ya chumvi na sukari iwapo pakiti za dawa hazipo: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo sita vya sukari visivyojaa kupita ukingo, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, akinyweshwa kidogo kidogo. Kidonda chochote kilichoingia matope kioshwe kwa maji mengi na mhusika aende akachomwe sindano ya pepopunda.

Tumwache kwa nafasi ya pekee mama mjamzito. Njia ikikatika, machela haipiti, pikipiki haipiti. Kama siku zake zaangukia Machi, Aprili au Mei, asingoje uchungu umkute mlimani. Ashuke wiki mbili tatu kabla, akae kwa ndugu aliye karibu na kituo cha afya au hospitali, na kadi yake ya kliniki ifungwe ndani ya mfuko wa nailoni. Mashauri ya nani atabaki na watoto na nani atavuna njegere yafanywe mapema na mumewe pamoja na mama mkwe, mwezi Januari, wakati njia bado ni kavu.