Mikono ya Upinde: Kaboni au Faibaglasi?

Mnunuzi wa upinde wa kuwindia wa mtindo wa kale, yaani usio na magurudumu ya kupunguza uzito wa kuvuta, hukutana na bei zilizoachana sana. Mikono ya upinde, zile sehemu mbili zinazopinda juu na chini ya mpini, huuzwa ikiwa ya faibaglasi au ya kaboni, na ya kaboni aghalabu ni ghali zaidi. Hapa tunaeleza faida ya nyongeza hiyo, na ni lini haifai kulipwa.

Jinsi mikono inavyoundwa

Mikono mingi ina kiini cha mbao, mianzi au povu gumu, kilichogandishwa kwa gundi katikati ya matabaka membamba. Tangu miaka ya 1950 tabaka lililozoeleka ni la faibaglasi. Kaboni ni nyepesi na kakamavu zaidi, hivyo tabaka jembamba hutosha kwa kazi ile ile. Ifahamike kwamba neno "kaboni" kwenye lebo halimaanishi kuwa mkono wote ni wa kaboni. Mara nyingi ni tabaka moja tu, na faibaglasi ingalimo.

Tofauti katika matumizi

Mkono mwepesi hurudi upesi ugwe unapoachiwa, na nguvu zaidi huuendea mshale. Hata hivyo, pinde zikiwa na umbo moja na uzito mmoja wa kuvuta, kasi inayoongezeka ni ndogo. Kaboni pia huuzuia mkono usijisokote. Mwenye mikono mirefu, ambaye huvuta ugwe mbali, ndiye anayenufaika zaidi.

Faibaglasi ni nzito kidogo, lakini ni nafuu na huvumilia mikwaruzo ya porini. Kaboni iliyogongwa au kuchubuliwa yaweza kupata ufa usioonekana kwa urahisi, kisha ikavunjika ghafla. Mkono unaovunjika ugwe ukiwa umevutwa unaweza kumjeruhi mpigaji usoni.

Jambo lililo muhimu zaidi

Wawindaji wa pinde hizi hupiga kwa karibu, aghalabu kwa umbali wa mita 20 hivi au pungufu. Kwa umbali huo, shabaha hupita kasi. Upinde ulioandikwa pauni 45 kwa inchi 28 hupimwa ukivutwa kwa urefu huo. Anayevuta inchi 26 hupata pungufu ya pauni kadhaa, na anayevuta zaidi ya 28 huzidishiwa. Upinde usiomlingana mwenyewe humtetemesha mkono, na mnyama hujeruhiwa badala ya kufa mara moja. Kwa hiyo twamshauri anayeanza achague faibaglasi yenye uzito anaoumudu, na fedha inayosalia ainunulie mishale inayoufaa upinde wake.

Kabla ya kulipa

1. Muulize muuzaji kiini ni cha nini na kaboni imewekwa tabaka gani.
2. Pima urefu wako wa kuvuta kabla ya kuchagua uzito.
3. Kagua mikono kwenye mwanga: usikubali ufa, matabaka yaliyoachana wala mkono uliojisokota.
4. Uliza uzito wa chini wa mshale unaoruhusiwa na mtengenezaji. Mshale mwepesi mno huudhuru upinde, sawa na kuachia ugwe bila mshale.
5. Pata dhamana kwa maandishi, pamoja na risiti.

Baada ya kununua, usiuache upinde ndani ya gari lililofungwa juani, kwa maana joto hulegeza gundi ya mikono ya aina zote mbili.

Mwisho, kumiliki upinde si ruhusa ya kuwinda. Nchini Kenya uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku mwaka 1977, na kwingineko, kama Marekani, leseni huhitajika. Ulizia sheria ya mahali ulipo kabla ya kutoa fedha yako.