Upole na Ujasiri: Askofu wa Unguja na Mzozo wa Kikuyu



Apitaye Mkunazini, hapa Mjini, hakosi kuliona kanisa lililosimama mahali palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873. Historia ya uwanja ule tunaijua sote, nayo ni chungu. Wachache, hata hivyo, ndio wajuao kwamba askofu aliyekuwa na kiti chake mahali hapo aliandika, mwaka 1913, barua iliyolitikisa Kanisa zima la Uingereza. Jina lake lilikuwa Frank Weston.

Pengine msomaji atauliza: mtu aliyelelewa chuoni, akahitimu juzuu zake kabla ya kuijua skuli, ana nini na ugomvi wa maaskofu? Jawabu ni kwamba swali lililowagawa maaskofu wale ndilo linalotukabili kila tunapokaa kikaoni. Ukimwona ndugu yako amekosea katika jambo kubwa, umwambie kwa upole, au umkabili mbele ya watu? Maalim wetu akitufunza kwamba watu wa Kitabu hujadiliwa kwa njia iliyo njema zaidi. Baadaye niliposoma vitabu vya Wakristo nikakuta mambo mawili yaliyonishangaza. Waraka wa kwanza wa Petro unawataka waumini wawajibu wanaowahoji kwa upole na heshima. Na Paulo, katika waraka wake kwa Wagalatia, anasimulia jinsi alivyompinga Petro huyo huyo uso kwa uso, hadharani, huko Antiokia. Basi yote mawili yamo, na kila mwenye ugomvi huchukua limfaalo.

Weston alizaliwa London mwaka 1871, akafika Unguja mwaka 1898 katika Misheni ya Vyuo Vikuu, akawekwa askofu mwaka 1908. Alikuwa mtu wa imani kali, mwenye kushika kwamba pasipo askofu hapana Kanisa. Mwezi Juni 1913 maaskofu wawili wa Kianglikana, Peel wa Mombasa na Willis wa Uganda, walikutana huko Kikuyu, katika misheni ya Waskoti, pamoja na Wamethodisti na wamisionari wengine wa Kiprotestanti. Walitaka kuunda shirikisho, ili Mwafrika aliyehama kutoka wilaya moja kwenda nyingine asikute kila misheni ina mlango wake na sharti lake; na, tusifiche, ili wasiachwe nyuma na Uislamu uliokuwa ukienea bara. Mkutano ulipokwisha, Askofu Peel aliongoza ibada ya Meza ya Bwana ndani ya kanisa la Waskoti, na wasio Waanglikana wakaishiriki.

Habari zilipofika Unguja, Weston hakuandika barua ya siri. Alitoa waraka wa wazi uitwao Ecclesia Anglicana, kisha akamtaka Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, awahukumu wenzake wawili kwa makosa ya uzushi na farakano. Haya si maneno madogo. Kwa Mkristo wa cheo kile, kuitwa mzushi ni sawa na kiongozi kuitwa msaliti.

Davidson alikuwa mtu wa aina nyingine kabisa: mpole, mwenye kupima, mwenye kuamini kwamba moto usiochochewa huzimika wenyewe. Alikataa kuwafungulia maaskofu mashtaka. Suala akalipeleka kwa baraza la ushauri lililokutana Julai 1914. Mwezi uliofuata vita vikuu vikaanza, na jawabu halikutangazwa hadi Pasaka ya 1915. Hakuna aliyeonekana mzushi, lakini ibada ya namna ile ilishauriwa isirudiwe. Ukaenea mzaha huko Uingereza kwamba ibada ya Kikuyu ilimpendeza sana Mungu, na kwa vyovyote vile isifanywe tena. Mwandishi wa safu hii amekwisha kuona maazimio ya vikao yanayofanana na hilo, na wasomaji walioko maofisini watanielewa.

Ni rahisi hapa kumpa haki Davidson na kumwona Weston mgomvi tu. Kwa upande wa ibada ya Kikuyu, nami ningesema kwamba alichupa mipaka: angeweza kupanda meli hadi Mombasa na kuzungumza na Peel kabla ya kumshitaki mbele ya dunia. Peel alifariki mwaka 1916, na nafasi ile haikurudi.

Lakini ulimi ule ule ulifanya kazi nyingine. Mwaka 1919 Serikali ya kikoloni ya Kenya ilitoa waraka wa kuwataka maofisa wake na machifu wahimize Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, na kila mtu alijua kuhimiza huko maana yake nini. Askofu wa Mombasa, Askofu wa Uganda na kiongozi wa misheni ya Waskoti waliandika maoni yao kwa lugha ya adabu. Walilaumu namna ya utekelezaji, wakaonya juu ya dhuluma, ila wakakubali kwamba kazi ya kulazimishwa yaweza kuvumilika endapo itawekewa sheria na mipaka. Weston hakutaka kusikia neno mipaka. Mwaka 1920 alichapisha kijitabu kilichoitwa The Serfs of Great Britain, yaani watwana wa Uingereza, akisema waziwazi kwamba kumlazimisha Mwafrika kumtumikia tajiri binafsi ni kinyume cha dini yake. Mwaka 1921 Waziri wa Makoloni, Winston Churchill, aliagiza maofisa wa Serikali wasijihusishe na kuwatafutia walowezi binafsi wafanyakazi. Sidai kwamba ni kijitabu kimoja kilicholeta hayo, kwani wapinzani walikuwa wengi. Nasema tu kwamba upole wa wale watatu ulikuwa umekwisha kumwachia mkoloni nusu ya alichokitaka.

Jambo ambalo wanaomsifu Weston kwa ukali wake hupenda kulisahau ni safari yake ya Julai 1918. Mwaka huo mkutano wa pili uliitishwa Kikuyu, na safari hii alikwenda mwenyewe. Aliketi na wale aliowalaumu, akawapa mapendekezo yake juu ya umoja. Hawakuafikiana katika suala la uaskofu. Wamisionari wengine waliendelea na muungano wao wa misheni bila ya masharti yake. Ila hakuwashitaki tena. Na katika mkutano wa maaskofu wa Lambeth mwaka 1920, waraka wa kuwaita Wakristo wote kwenye umoja ulipotolewa, yeye alikuwa miongoni mwa waliouunga mkono.

Alifariki tarehe 2 Novemba 1924 huko Hegongo, karibu na Magila, upande wa bara wa dayosisi yake. Mwaka 1926 muungano ule wa misheni, ulioanzia katika mazungumzo aliyoyapinga, ulifungua skuli ya sekondari palepale Kikuyu, na vijana wa makanisa mbalimbali wakaanza kusoma pamoja.