Ubundu: mji uliozaliwa fasi mto unakataa

Ukitoka Kindu kwa mashua, ukifuata Lualaba kwenda chini, unasafiri kilomita zaidi ya 300. Mto ni mpana. Watu wanalala juu ya mifuko ya mchele, wamama wanapika, watoto wanacheza. Halafu mnafika Ubundu, katika jimbo la Tshopo, na moteri inazimwa. Mwisho ni hapa. Siyo kwamba maji yameisha, hapana. Mto wenyewe njo unakataa.

Sababu ni mawe. Mbele ya Ubundu, Lualaba inakutana na mawe magumu. Kutoka hapo mpaka Kisangani kuna maporomoko saba, yanaitwa Boyoma, yametawanyika kwa urefu wa kilomita karibu 100. Mto unashuka mita karibu 60 hivi. Mtu anaweza kusema ni kidogo, lakini kwa maji mengi vile hakuna mashua inayoweza kupita. Poromoko la mwisho ni lile la Wagenia, wavuvi wanaotega vikapu vikubwa kwenye miti pale Kisangani. Kisha hapo, Lualaba inaitwa mto Kongo.

Kila mgeni aliyefuata njia hii alisimamishwa na mawe yale. Mwezi wa kwanza 1877, Stanley na watu wake walichukua wiki zaidi ya tatu kupita maporomoko, wakikokota mitumbwi kwa nchi kavu na kukata njia porini. Tippu Tip na wafanyabiashara wa Nyangwe na Kasongo nao walishuka upande huu. Kiswahili tunachosema leo kilishuka na mto ule ule, pamoja na pembe za ndovu na minyororo ya watumwa.

Wabeleji walipokuja, waliona dawa ni moja: kuzunguka maporomoko. Kati ya 1903 na 1906 ikajengwa reli ya kilomita 125 kutoka Kisangani mpaka hapa. Mji wakauita Ponthierville, jina la ofisa wao.

Basi ukitembelea Ubundu, usitafute kwanza majumba. Nenda kwenye bandari, kisha kwenye gare, halafu angalia mwendo kati ya hizo mbili. Mchele na mafuta ya ngazi kutoka Maniema vinapakuliwa. Chumvi, sabuni, nguo na dawa kutoka Kisangani vinapakiwa. Kazi ya mji ni kupokeza: kutoa mzigo majini na kuutia kwenye reli. Hata reli haikufikishi kabisa. Inaishia Lubunga, upande wa kushoto, na bado unavuka mto ili uingie katikati ya Kisangani.

Shida inaanzia hapo. Treni ikikawia, na inakawia sana, mji mzima unangojea. Mchele unaloa kwenye ukingo. Vijana wanasukuma baiskeli zenye mizigo porini siku nyingi, na bei inapanda na kila mlima. Mgonjwa naye hawezi kufungwa juu ya baiskeli sawa mfuko wa mchele.

Njia hii ina kilio chake pia. Mwaka 1997, wakati wa vita, maelfu ya wakimbizi Wanyarwanda walivuka mto hapa Ubundu na kufuata reli kwenda Kisangani. Wengi hawakufika. Ukiuliza wakaaji habari hiyo, uliza kwa heshima.

Kwa wewe unayetaka kwenda: usipande mashua iliyojaa kupita kiasi, usisafiri usiku, na usikubali mtu akupeleke karibu na maporomoko kama si mvuvi wa hapo anayejua maji. Beba pia siku za ziada. Mwenye haraka Ubundu anajichosha bure.

Mtu akikuuliza kwa nini chumvi ni ghali huku juu ya mto, mwambie ahesabu mara ngapi ule mfuko umeshushwa na kupandishwa tena.