Mwenye Nguvu Mpishe: Mbinu za Ushindi katika Judo na Mpaka wa Muislamu

Baada ya swala ya Isha, vijana wa msikiti wetu hapa Ngara walituletea ubishi wao ili tuwaamue. Walikuwa wakizungumzia judo, na swali lao lilikuwa hili: mchezaji akimwona mpinzani wake anachechemea, aushambulie mguu ule mbovu au auache? Nusu yao walisema mashindano ni mashindano. Nusu nyingine walisema hiyo ni dhulma. Tuliwaomba muda, kwa sababu mtu hawezi kusema mbinu zinakomea wapi kabla hajazijua mbinu zenyewe.

Mchezo huu ulianzishwa nchini Japani na Jigoro Kano, aliyefungua chuo chake cha Kodokan mwaka 1882, na uliingia katika Olimpiki mwaka 1964. Hauko mbali nasi kama wengi wanavyodhani. Kule Zanzibar, Mjapani Tsuyoshi Shimaoka aliufundisha kwa vijana katika miaka ya 1990. Majirani zetu wa Burundi walipeleka wachezaji wa judo katika Olimpiki za London 2012 na Rio 2016. Nasi Watanzania tuliwakilishwa jijini Paris mwaka 2024 na Andrew Thomas Mlugu, katika uzani wa kilo 73.

Siri iko katika mizani

Wahenga walituusia: mwenye nguvu mpishe. Usia huo ndio msingi wa judo. Mpinzani akikusukuma, usisukumane naye. Mpishe, umvute kule kule anakokwenda, na nguvu zake zitamwangusha mwenyewe. Sisi tunaoishi karibu na Rusumo tunaona jinsi Ruvubu unavyoingia Kagera. Maji hayashindani na maji. Hufuata mkondo mmoja, na nguvu yake inapoporomoka mwambani kila mtu huisikia.

Kwa hiyo kila tendo la kumwangusha mtu lina hatua tatu: kumtoa katika mizani yake, kujipanga chini yake, kisha kumwangusha. Mchezaji mchanga hukimbilia hatua ya tatu. Huinua mtu aliyesimama imara, naye huchoka bure.

Jinsi pambano linavyoshindwa

Pambano la wakubwa ni la dakika 4. Likiisha kwa sare, linaendelea bila kikomo mpaka mmoja apate alama au aondolewe kwa makosa. Ushindi kamili huitwa iponi: kumwangusha mpinzani kwa mgongo kwa nguvu, kasi na udhibiti, kumbana chini kwa sekunde 20, au kumlazimisha asalimu amri. Anguko lisilokamilika hupewa wazaari, na wazaari mbili ni iponi. Chini yake kuna yuko, alama ndogo iliyorejeshwa katika kanuni mwaka 2025. Anayekosea hupewa adhabu ya shido, na shido ya tatu humtoa.

Kutokana na kanuni hizo huzaliwa mikakati. Ya kwanza ni vita vya mikono. Anayeshika ukosi na mkono wa vazi la mwenziwe apendavyo, huku akimnyima mwenziwe mshiko wake, amekwisha kupata nusu ya ushindi. Kushika miguu kwa mikono kumepigwa marufuku, hivyo mshiko wa juu umezidi kuwa na thamani.

Ya pili ni kuwa na pigo moja la kutegemewa, lililofanyiwa mazoezi maelfu ya mara, pamoja na pigo la kuliandalia njia. Mtishie kwa kumpiga mguu ili arudi nyuma. Anapojirudisha mbele kutafuta mizani, mgeukie na kumwangusha mbele. Mtu huanguka wakati anaporekebisha kosa lake la kwanza.

Ya tatu ni kutolala baada ya anguko. Wengi humwangusha mtu nusu nusu, kisha husimama kumtazama mwamuzi. Mwenye hekima humfuata chini papo hapo na kumbana. Ya nne ni kuijua saa. Anayeongoza hapaswi kukimbia, kwa sababu kukwepa pambano ni kosa la shido. Hulinda ushindi wake kwa kuendelea kushambulia kwa tahadhari.

Pambano la mwaka 1984

Turudi kwa vijana wetu. Katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, Mohamed Ali Rashwan wa Misri alikutana fainali na Yasuhiro Yamashita wa Japani, bingwa aliyekuwa ameumia mguu wa kulia katika pambano la awali na akitembea kwa kuchechemea. Rashwan alijaribu shambulio, akapoteza mizani, na Yamashita akambana chini mpaka akashinda. Mmisri akapata fedha.

Baada ya hapo Rashwan alisifiwa duniani kwa kutolenga mguu uliojeruhiwa, akapewa tuzo ya kimataifa ya uungwana michezoni. Wapo waliobishana baadaye kuhusu upande wa shambulio moja au jingine katika fainali ile, na tunalitaja hilo ili tusiwe watu wa kutia chumvi. Lakini mwaka 2019 serikali ya Japani ilimtunuku nishani, miaka 35 baada ya kushindwa na Mjapani. Ni washindi wangapi wanaokumbukwa hivyo na nchi ya waliyepambana naye?

Jibu letu kwa vijana ni hili. Kumhadaa mpinzani kwa mwendo, kumchosha na kumsoma udhaifu wake wa mchezo ni mbinu halali. Kukusudia kumvunja aliyekwisha kuumia si mbinu. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba mwenye nguvu si yule abwagaye watu katika mieleka, bali ni yule aimilikiye nafsi yake wakati wa hasira. Mafundisho hayo yalitolewa kwa mfano wa mieleka yenyewe. Hayakuukataza mchezo, yameuwekea kipimo kilicho juu zaidi.

Maswali ya wazazi

Wazazi wa hapa Ngara na wa Biharamulo hutuuliza kuhusu kuinama, kwa kuwa wachezaji huinamiana kabla na baada ya pambano. Hatutoi fatwa hapa. Wapo wanazuoni wanaokataza, wakitegemea hadithi ya Anas aliyoipokea Tirmidhi kuhusu kumwinamia mtu wakati wa kukutana. Wapo wanaotofautisha ada ya salamu na ibada. Muulizeni sheikh wenu kabla ya kumwandikisha mtoto, na mzungumze na mwalimu wa mchezo mapema, si siku ya mashindano.

Kuhusu mabinti, mwaka 2012 jijini London, Wojdan Shaherkani wa Saudi Arabia aliruhusiwa kushindana akiwa amefunika kichwa, baada ya mvutano mrefu. Alishindwa kwa sekunde 82, lakini mlango ulifunguliwa.

Kuhusu afya, kijana asijikaushe kwa njaa na kiu ili aingie uzani mdogo. Dini imekataza kujidhuru, na mwili uliokauka hauna pambano. Katika Ramadhani mazoezi mazito yasubiri baada ya futari. Na anayeanza ajifunze kwanza kuanguka, juu ya mkeka mzito na mbele ya mwalimu. Asibwagwe kwenye udongo mgumu wa uwanja wa shule.

Hilo la kuanguka ndilo somo la kwanza la judo, na tunalipenda kwa watoto wetu. Kabla hajafundishwa kumwangusha mwenziwe, mtoto hufundishwa kuanguka bila kuumia na kuinuka bila kinyongo. Akirudi nyumbani na hilo tu, bila medali yoyote, mzazi hakupoteza kitu.

Wallahu a'lam.