Ukiifunika, Inalala Usingizi Gani?

Wateja wanaoniletea laptopu zenye Linux huanza na lawama ileile: betri imekufa. "Fundi, jana usiku nimeifunika ina themanini, asubuhi naifungua imezima." Mimi betri siigusi kwanza. Nafungua terminali, naandika cat /sys/power/mem_sleep, na mashine inajieleza yenyewe.

Jibu lake ni mstari mmoja. Mara nyingi utaona maneno mawili, s2idle na deep, na mojawapo limefungiwa kwenye mabano ya mraba. Hilo la kwenye mabano ndilo linalotumika kila unapoifunika.

Deep ni usingizi mzito. Katika kanuni za ACPI, zilizotolewa na Intel, Microsoft na Toshiba mwaka 1996, unaitwa S3. Prosesa inakatiwa umeme, na vifaa karibu vyote pia. RAM pekee huachiwa umeme kidogo ili kazi yako isipotee. Kwenye s2idle hakuna kinachokatwa namna hiyo. Kiini cha Linux kinasimamisha programu, kisha kinaiacha prosesa ipumzike yenyewe. Vifaa vyote vikikubali kutulia, chaji hushuka taratibu. Kimoja kikigoma, tuseme kadi ya Wi-Fi au diski ya SSD, prosesa nayo haitulii. Unaitoa laptopu kwenye begi ina joto, feni inazunguka, chaji imekwisha.

Kwa nini basi s2idle imeenea? Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, Microsoft ilitaka kompyuta ziamke papo hapo na kuendelea kupokea ujumbe zikiwa zimelala, kama simu. Watengenezaji wengi wakafuata, na laptopu nyingi mpya hazina deep kabisa. Inaniuma, kwa sababu mnunuzi haambiwi dukani. Hata hivyo ilishatokea watumiaji wakalalamika wakasikilizwa: mwaka 2018 Lenovo iliongeza kwenye BIOS ya ThinkPad X1 Carbon ya kizazi cha sita chaguo la usingizi lililoandikwa Linux, na deep ikarudi. Kwa hiyo kabla ya kukata tamaa, pitia BIOS yako.

Kama maneno yote mawili yapo na mabano yako kwenye s2idle, hifadhi kazi yako, kisha andika echo deep | sudo tee /sys/power/mem_sleep. Ilaze, iamshe. Zipo mashine zinazoamka na skrini nyeusi. Ikitokea hivyo, izime na kuiwasha upya, itarudi ilivyokuwa. Ikiamka vizuri, ongeza mem_sleep_default=deep kwenye maagizo ya kiini wakati wa kuwaka, ili mabadiliko yadumu.

Laptopu ikiwa macho, mambo ni mepesi. Kwenye mipangilio ya umeme ya GNOME au KDE kuna hali tatu: ya kasi, ya wastani na ya kubana matumizi. Chagua ya kubana, punguza mwanga wa skrini, yatosha.

Tukirudi kwenye usingizi, ninaoupenda zaidi ni hibernate, yaani ule wa kuandika yote yaliyomo kwenye RAM kwenye diski na kuzima kabisa. Hautumii chaji hata kama laptopu itakaa wiki nzima. Unahitaji nafasi ya swapu ya kutosha, kwa kawaida isiyopungua ukubwa wa RAM, na kwenye Linux nyingi utakataliwa kama Secure Boot imewashwa. Watu wengi hawajui kwamba systemd, programu inayosimamia mfumo kwenye Linux nyingi, inaweza kuunganisha usingizi huu na ule wa kawaida: unaifunika, inalala kawaida, muda uliopanga ukipita, inaamka yenyewe, inaandika kila kitu kwenye diski, inazima. Kwenye faili la /etc/systemd/logind.conf weka HandleLidSwitch=suspend-then-hibernate, na muda wenyewe uupange kwa HibernateDelaySec ndani ya sleep.conf. Wanafunzi wanaosafiri kwa basi kutwa nzima nawawekea dakika thelathini. Wakifika, wanabonyeza kitufe cha kuwashia, na ukurasa waliokuwa wakiuandika unafunguka palepale walipouachia.