Tuzo za Marekani zaenda Malawi mara mbili: je, njia ya msichana wa Lubarika inaanzia wapi?

Mwaka 2024, na tena mwaka 2025, tuzo ya mchezaji bora wa mwaka katika NWSL, ligi ya wanawake ya kulipwa ya Marekani, ilichukuliwa na mtoto wa Rumphi, kaskazini mwa Malawi. Temwa Chawinga, mshambuliaji wa Kansas City Current, ni Mwafrika wa kwanza kuipata. Ni mchezaji wa kwanza pia kuitwaa miaka miwili mfululizo tangu ligi hiyo ianze kuchezwa mwaka 2013.

Kwa wasichana wapenda kabumbu wa Lubarika, katika bonde la Ruzizi, teritware ya Uvira, habari hiyo imejibu swali moja: ndiyo, binti wa kijiji cha Afrika anaweza kufika huko. Swali lililobaki ni njia ya kupitia.

Mwaka 2024 Chawinga alifunga mabao 20, akivunja rekodi ya mabao 18 ya Sam Kerr wa Australia. Hakuna timu kati ya 13 alizokutana nazo iliyoponyoka bila kufungwa naye. Mwaka 2025 aliongoza tena, kwa mabao 15. Wanaopiga kura ni wachezaji wenzake, makocha, viongozi wa timu, waandishi wa habari na mashabiki.

Hayuko peke yake. Tarehe 23 Novemba 2024, Mzambia Barbra Banda aliifungia Orlando Pride bao la pekee katika fainali ya ligi hiyo dhidi ya Washington Spirit, akatangazwa mchezaji bora wa mechi. Mwezi uliofuata, CAF ikamtaja mchezaji bora wa mwaka wa Afrika.

Siku hiyohiyo ya fainali, Wakongomani nao walisherehekea. Huko El Jadida, Morocco, TP Mazembe ya Lubumbashi iliishinda AS FAR 1-0 kwa bao la Marlène Kasaj na kubeba kombe la Ligi ya Mabingwa ya wanawake ya Afrika. Katika tuzo za CAF za Desemba, Mazembe ikawa klabu bora ya wanawake, na kocha wake, Lamia Boumehdi wa Morocco, kocha bora. Mwanzoni mwa 2025 mshambuliaji Merveille Kanjinga alitoka Mazembe kwenda Paris Saint-Germain.

Chawinga alipopata tuzo ya kwanza, Malawi haikuwa imewahi kucheza Kombe la Afrika la wanawake. Kwa hiyo jina la nchi silo lililomfikisha. Dada yake mkubwa, Tabitha, alitangulia kucheza Sweden. Temwa akamfuata, kisha akaenda China kabla ya Marekani. Kila hatua ilikuwa na ligi yenye ratiba, mabao yanayoandikwa na macho ya wanaotafuta wachezaji.

Hapo ndipo ugumu wa Lubarika ulipo. Mazembe iko mbali: kutoka Uvira ni meli hadi Kalemie, halafu safari ndefu ya barabara hadi Lubumbashi. Tena vita vimewahamisha watu wa bonde hili mara nyingi; Desemba 2025 viliingia Uvira mjini, na maelfu wakakimbilia Burundi. Familia ikikimbia, masomo yanakatika, timu inavunjika, na msichana aliyefunga mabao msimu mzima anabaki bila karatasi inayoonyesha hivyo.

Amani haiko mikononi mwa viongozi wa mpira. Lakini mashindano ya wasichana kati ya Lubarika, Luvungi, Sange na Kiliba, yenye ratiba, mwamuzi na daftari la mabao, hayahitaji uwanja wa Kansas City. Kura za tuzo hupigiwa walioonekana wakicheza, na kwa msichana wa Ruzizi kuonekana kunaanzia kwenye daftari hilo.